Kola Tu

Nilikuwa nimelitundika koti peke yake, kwenye msumari unaoelekeana na mlango, ili liwe kitu cha kwanza kumlaki akiingia. Mashati ya wateja niliyasukuma yote kando. Nikafagia, nikanyunyiza maji kizingitini, nikavaa shati langu jeupe, kisha nikakaa kwenye stuli kungoja kusifiwa. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne, dobi mwenye duka lake, nimekaa kama mtoto anayesubiri mwalimu amsahihishie daftari.

Mtanicheka, lakini sitaficha: asubuhi ile nilijiona mwanaume mwenye bahati kuliko wote katika mtaa wetu. Siku niliyoisubiri miaka minne ilikuwa imefika, na nilikuwa nimeipigia pasi kwa mikono yangu mwenyewe.

Saa mbili kasoro robo akaingia mchumba wangu. Mimi humwita Fundi, na hata kabla hajawa wangu nilimwita hivyo. Alikuwa amefunga nywele kwa kitambaa cheusi, mkoba wake wa mikasi na sindano umening'inia begani, na macho yake yalikuwa mekundu kidogo kama ya mtu aliyelala na wasiwasi pembeni.

"Leo umeshona?" nikamuuliza.

Hiyo ndiyo salamu yetu. Wenzetu huulizana wameamkaje. Sisi huulizana hivyo. Kwa miaka minne, kila asubuhi kabla ya kwenda kiwandani kukunja pindo za suruali za watu, Fundi alikuwa akishona tundu moja la kifungo kwa mkono kwenye kipande cha kitambaa. Moja, si mawili. Niliwahi kumuuliza kwa nini siku akiwa na hamu asiongeze. Akasema, "Nikishona mawili leo kwa sababu nina furaha, kesho nikiwa na huzuni nitajiambia nilishamaliza." Akiwa na homa alishona. Akiwa amegombana na mimi alishona, tena siku hizo matundu yalikuwa madogo na makali. Nilikuwa navipenda vile vitambaa vyake kuliko picha zake.

"Nimeshona," akajibu. "Limetoka zuri hata nikaogopa. Koti langu liko wapi?"

Nikalionyesha kwa kidevu.

Akalitazama. Nikangoja. Nilijua atakavyofanya: atanipiga kikumbo kwanza, aseme mimi ni mwendawazimu, halafu atacheka kile kicheko chake kinachoanzia puani. Lakini hakunijia. Alilisogelea koti polepole, akaligusa bega, akalifungua mbele, akaugeuza mkono wa kushoto nje ndani. Midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti.

"Nyuzi ziko wapi?" akauliza.

"Nyuzi zipi?"

"Zile nyeupe za kushikizia. Bandi zangu."

"Nimezichomoa zote," nikasema, na Mungu anisamehe, bado nilikuwa natabasamu. "Moja moja, kwa sindano. Jana mchana mzima sikupokea mteja. Hata kitambaa hakikukwaruzika."

"Na chaki?"

"Imetoka. Siki kidogo, maji ya vuguvugu, brashi laini. Huwezi kuona hata kivuli."

Akaugusa ule mkono wa kushoto. "Na huu?"

"Huo ulitaka kudondoka, mpenzi. Nadhani haraka ilikufanya usahau kuukaza. Nimekukazia kwa cherehani yangu ya viraka. Umekaa vizuri eti?"

Fundi akakaa. Hapakuwa na kiti pale alipokaa, palikuwa na furushi la mashuka machafu ya watu, akalikalia hilo hilo.

"Nilikwambia kola," akasema. "Nilikuletea kwa sababu pasi yangu ni nyepesi. Nikakwambia kola tu."

Hapo ndipo tabasamu langu lilipoanza kunifia usoni. Sijui niwaelezeje. Mimi nguo hunijia zikiwa zimeisha kushonwa. Kwetu uzi unaoning'inia ni aibu ya dobi, na alama nyeupe kifuani ni doa, na doa hutolewa. Nimefanya hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na saba na hakuna aliyewahi kulalamika. Nililiona koti la mwanamke ninayempenda limejaa nyuzi na madoa, na kesho yake ni mtihani. Ningeliachaje?

"Nieleze," nikasema. "Nimefanya nini?"

Alinieleza bila kupaza sauti, na afadhali angepiga kelele. "Koti la mtihani halitakiwi liwe limeisha. Linatakiwa liwe limeshikizwa tu. Wanamvalisha mtu, wanaangalia bandi zimepita wapi na chaki imesema nini, wanajua mkono wangu ulikusudia nini. Halafu mbele yao nalifumua bega, narekebisha, nashikiza tena. Hicho ndicho wanachopima. Sasa hili watapima nini? Ubavu wa pasi yako?"

"Tuzirudishe," nikasema. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshika uzi, sijui niliutoa wapi. "Mtihani si saa nne? Tuna saa mbili nzima. Wewe niambie pa kupitisha."

"Zile bandi ni wiki tatu." Alikuwa anazungumza na sakafu. "Nilichora chaki juu ya mwili wa mtu, amesimama. Na kitambaa cha ndani umekikandamiza kwa mvuke mpaka kimelala. Hakiamki tena hicho."

Nikapiga magoti mbele yake. Nikamshika mikono, ilikuwa ya baridi. Nikasema samahani mara ngapi, sikumbuki. Kila nikisema nilizidi kuona neno lenyewe linavyokosa kazi.

"Twende," akasema, akainuka. "Wasiseme sikufika."

Sasa niwaambie kwa nini koti moja lilikuwa zito kiasi hicho, kwa sababu msipojua hili hamtanihukumu sawasawa.

Ilikuwa mara yake ya tatu. Mara ya kwanza mikono ilimtetemeka mpaka akajichoma sindano na kutia damu kwenye kola nyeupe. Mara ya pili aliugua wiki ya mtihani, akapelekwa mpaka mlangoni akiwa ameshikiliwa, akarudishwa nyumbani. Bila cheti kile cha daraja la kwanza angebaki kukunja pindo maisha yake yote. Akiwa nacho, kiwanda kingempandisha kwenye meza ya kukatia, ambako mtu hupewa kitambaa kitupu na mkasi na kuaminiwa. Hicho ndicho alichokitaka tangu utoto. Nami nilipomposa alinijibu kwa sharti moja: cheti kwanza, harusi baadaye. Alikuwa na sababu. Dada yake aliolewa akiwa amebakiza muhula mmoja tu wa masomo, akasema atamalizia, na mpaka leo cherehani yake imefunikwa kitambaa na juu yake pamewekwa jagi la maji.

Baba yake alivumilia mara hizo mbili. Mwaka huu akatia kikomo. Akasema mtihani huu ndio wa mwisho. Afaulu, asifaulu, baada yake ni harusi, na mke wa mtu hakai darasani na mabinti. Fundi akakubali kwa sababu alikuwa na uhakika.

Mmeona basi. Akifaulu, ninaoa. Akishindwa, ninaoa. Kati yetu sote mtu pekee ambaye hangepoteza kitu siku ile nilikuwa mimi, na ni mimi niliyechomoa nyuzi.

Mtihani ulifanyikia kwenye ukumbi wa kiwanda, mashine zimesogezwa ukutani na kufunikwa. Mimi nikaambiwa nikae kwenye benchi la nje, lakini mlango ulikuwa wazi. Mtahini alikuwa mama mmoja mnene, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Alimvalisha koti kijana wa kujaribishia, akamzunguka mara mbili.

"Koti zuri," akasema. "Nani kalishona?"

"Mimi," akajibu Fundi.

"Lote?"

Yule mama akauinua mkono wa kushoto, akatazama kwapani kwa muda, akavaa miwani, akatazama tena.

"Huu mshono wa cherehani, tena wa viraka. Ni wako huu?"

Sikuweza kukaa. Nikajikuta mlangoni. "Ni mimi, mama. Kosa ni langu lote. Yeye hakujua, aliniletea kola tu."

"Wewe ni nani?"

"Dobi."

Kuna waliocheka. Yule mama hakucheka. "Baba, nakuomba ukae nje," akaniambia, kisha akamgeukia Fundi, na sauti yake ikawa ya mzazi. "Binti, siwezi kupima mkono nisiouona. Pole sana. Mwakani."

"Kwangu mwakani hakuna," Fundi akasema.

"Mwakani ipo kila mwaka, mwanangu," akajibu mama wa watu, asijue anasema nini, akaita jina la anayefuata.

Tulitoka tukatembea. Koti alilikunja akalitia kwenye mfuko, vibaya vibaya, yeye ambaye hata kitambaa cha kupangusia vyombo alikuwa akikunja pembe kwa pembe. Tulipita maduka mawili matatu. Nilitaka kumshika mkono na nikaogopa.

"Nikuulize kitu," akasema bila kunitazama. "Ulitaka nishindwe?"

"Hapana."

"Usijibu haraka. Fikiri kwanza."

Nikafikiri. Na hapa ndipo ninapojichukia, kwa sababu nilipofikiri nilikumbuka vizuri jana yake mchana, koti liko juu ya meza, mimi nachomoa uzi baada ya uzi, napiga mluzi. Nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa nawaza harusi. Nilikuwa nawaza chumba changu nitakipaka rangi gani. Miaka minne nilimwambia sijachoka, kila alipouliza nilisema sijachoka, na nilikuwa nimechoka hoi. Nilitaka ile kazi yote iishe. Nilitaka koti liishe.

"Nilikuwa nawaza harusi," nikamwambia. Sikuweza kumdanganya tena.

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa njia. "Najua hukukusudia," akasema. "Hilo ndilo linaloniumiza. Ungekusudia ningekuchukia, ningepata pa kushika."

Laiti angenipiga kofi pale barabarani. Ningemshukuru.

Nyumbani kwao walikuwa wanatungoja sebuleni: baba yake, shangazi yake, na dada yake akiwa na birika la chai mkononi. Baba ni mtunza stoo mstaafu, mtu wa kufungua na kufunga milango kwa saa. Si mkali. Ana kawaida ya kusema jambo mara moja. Alimtazama binti yake usoni akajua.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Kaeni." Akamgeukia Fundi. "Pole, mwanangu. Umepambana, tumekuona sote. Sasa imetosha. Upumzike."

"Ndiyo, baba," akasema Fundi.

"Tulikubaliana, na mimi nilichosema ni hicho hicho. Huyu mwenzako amekaa mlangoni kwetu miaka minne. Tumuingize ndani."

"Kakaa mpaka kizingiti kimelika," akadakia shangazi, na akacheka peke yake. Shangazi yule hana ubaya, ila mdomo wake hauna mfuniko.

Nikainuka. Nilikuwa nimejikaza kisabuni njia nzima nikipanga maneno, na sasa yote yalikuwa yamenitoka isipokuwa machache.

"Baba, naomba mwaka mmoja."

"Mwaka wa nini?"

"Wa yeye kurudia mtihani. Kushindwa kwake leo ni kwa sababu yangu." Nikawaeleza yote, nyuzi, siki, cherehani ya viraka, sikuficha hata mluzi. Dada yake alitua birika mezani. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono.

Baba akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe," akasema, "umekuja hapa mara ngapi kuniuliza lini?"

"Nyingi, baba."

"Ulikuwa unapitisha hata wiki?"

"Hapana, baba."

"Leo nakupa, unakataa."

"Sikatai. Nasubiri."

"Huyu kazoea kusubiri," akasema shangazi, "mkimpa mke ataumwa."

Baba hakucheka. Aliupapasa mkono wa kiti. Kisha akasema kitu ambacho sikukitegemea hata kidogo. "Mimi nilisema wa mwisho kwa sababu niliona mtoto anaumia na haendi mbele. Sikujua mtu atamvunjia kazi. Kama ni hivyo, aseme mwenyewe. Akitaka mwaka, nampa mwaka. Sitamwuliza kitu mpaka uishe."

Nilimgeukia Fundi, nikiwa tayari kulia kwa furaha mbele ya wakwe zangu. Mlango ambao nilidhani nimeubamiza mwenyewe umefunguliwa, tena na yule aliyekuwa ameshika ufunguo. Lilibaki neno moja tu, na neno lenyewe lilikuwa mdomoni mwake.

"Sitaki," akasema.

"Fundi."

"Sitaki mwaka."

"Umesikia alivyosema baba? Amekubali." Nikachuchumaa karibu na kiti chake. Sikujali nani ananiona. "Mwaka mmoja tu. Wewe si ndiye uliyenifundisha? Siku moja, tundu moja. Hutazami mwaka mzima, unatazama asubuhi hii. Umesema hivyo wewe."

"Nilisema."

"Basi kesho asubuhi unaamka..."

"Kesho asubuhi siamki kushona," akasema. "Leo nilishona tundu langu, nikafurahi, nikatembea nalo kichwani mpaka dukani kwako. Sina tena. Nimetafuta njiani kote, sina."

"Litarudi. Pumzika wiki. Pumzika mwezi."

Ndipo akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Macho yale nilikuwa nimeyazoea yakiwa na kitu mbali yanachokiangalia, juu ya bega langu, na nilikuwa nikikionea wivu kitu hicho. Sasa yalikuwa yananitazama mimi tu. Niliwahi kuomba yanitazame hivyo.

"Wewe ulikuwa unanisubiri mimi," akasema. "Na mimi nilikuwa nakuja. Kila asubuhi nakuja, unaniona, unaniuliza nimeshona, unacheka. Ukichoka ulikuwa na mimi wa kunitazama. Mimi nilikuwa na nini cha kutazama? Cheti hakijawahi hata kupita mtaani kwetu."

"Nitakusaidia."

Dada yake akageuza uso. Na mimi nililisikia neno nililolisema likianguka pale katikati ya sebule.

"Najua," akasema Fundi kwa upole. Upole wake ulinimaliza. Angenitukana ningejitetea, angelia ningembembeleza, lakini mtu anayekukubalia utamfanya nini?

Nikamgeukia baba. Nikamgeukia hata shangazi. "Mwambieni," nikasema. "Baba, usikubali. Mwambie hapana."

"Nimwambie hapana kwa nini, mwanangu?" Mzee alikuwa amechanganyikiwa kweli. "Aolewe, unalia. Asiolewe, ulikuwa unalia. Mimi nimempa uchaguzi, kachagua. Nimlazimishe kushona?"

Mtu hawezi kulazimishwa kutaka. Ningeweza kumnunulia kitambaa kipya, ningeweza kusimama nichorwe chaki mwili mzima kuanzia asubuhi hadi jioni, ningeweza kungoja miaka mingine minne nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kinahitajika. Nilimpenda pale alipokaa, nikampenda vibaya mno, na mapenzi yenyewe yalikuwa hayana pa kuingilia.

"Haya," akasema baba. "Tutaje mwezi."

Nilikuwa na mwezi. Nilikuwa nao tangu mwaka wa kwanza, na nilikuwa nimeuhamisha mara tatu.

"Mwezi ujao," akajibu Fundi kwa niaba yangu. "Tusicheleweshe."

Shangazi akapiga kigelegele kifupi, akajizuia, akapangusa macho. Furaha yake ilikuwa ya kweli na sikuweza kumnyima. "Angalau mwisho mwema," akasema. "Na sisi tuna raha kuliko wengine. Bibi harusi wetu fundi mwenyewe, gauni atajishonea, watu waje washangae. Eh? Umeshalifikiria mkato wake?"

Fundi alikuwa amepokea kikombe cha chai kutoka kwa dada yake. Alikishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Hapana, shangazi," akasema. "Tafuteni fundi."

Shangazi akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi, akingoja mmoja wetu acheke.